Mia Mbili ya Chupa

Jumapili, Hombolo. Tumekuja watu kumi na mmoja,
masijala nzima, na mbuzi wa kuchoma.
Semeni, mtoto wa dada yangu, hajafika Tanga wala Bagamoyo;
aliona maji, akavua viatu, akapaza sauti: "Bahari!"
Akaonja kwa kidole.
"Ina chumvi kidogo."
Sikumsahihisha.

Anayekaanga perege pale ukingoni ni Mama Mbeleje.
Ana daftari lililovalishwa jalada la gazeti.
Ukinunua soda ya plastiki anakutoza mia mbili zaidi,
anaandika jina lako kwa penseli iliyobaki nusu kidole:
chupa ikirudi, mia mbili inarudi.
Na kifuniko chake.
Chupa bila kifuniko, mia.

Chilongani wa uhasibu akacheka hadi akapaliwa:
"Mama, hapa ni Dodoma! Bahari unaijua wewe?
Takataka zetu zitakaukia hapahapa, kama sisi."

Hakuinua macho kutoka kwenye karai.
Alionyesha kwa mwiko, mafuta yakidondoka mchangani:
"Mvua za Januari, bwawa linatapikia kule.
Kule ni Kinyasungwe.
Kinyasungwe ukifika Kilosa unaitwa Mkondoa,
Mkondoa unajitia ndani ya Wami,
na Wami, baba, hauulizi umepewa nini.
Unabeba."

Nikanyamaza. Mimi nimezaliwa Saadani,
pale Wami unapotua mzigo.
Darasa la tano tuliokota ufukweni
ndala za mguu mmoja, nyavu,
na kasa aliyekufa, tumboni mwake
mfuko wa sukari umekunjika kama barua.
Tuliwalaani watu wa meli.
Nani angewaza watu wa bara,
na Jumapili yao, na mbuzi wao,
na upepo huu unaokwapua sahani za karatasi
mkono wa mtu ukiwa bado unanyooshwa?

Saa kumi na moja tukaanza kuokota.
Chilongani naye, suruali imekunjwa magotini,
anafukuza mfuko mweusi kama anafukuza kuku.
Mifupa tuliwaachia mbwa, majivu tukayamwagia maji,
mengine yote yakapanda gari pamoja nasi.

Kikakosekana kifuniko kimoja, chekundu. Changu.
Tulipiga magoti kwenye tope,
tukapekua nyayo za ng'ombe moja moja,
Semeni akiongoza kama mkaguzi wa hesabu.

Kumbe kilikuwa mfukoni mwangu tangu saa sita.

Mama Mbeleje akafuta jina langu kwa kidole chenye mate,
akanihesabia mia mbili.
Nilitaka kusema, baki nayo, mama.
Sikusema.
Niliipokea kwa mikono miwili.