Tete Kavu Halisemi

Gazeti la Gyumri limeandika, ukurasa wa saba,
chini ya bei za viazi:
"Vardges hupuliza harusini kama yuko matangani.
Mvivu wa pumzi."
Mistari miwili. Imetosha kuipoza chai yake.

Sirvard, dadake, ameificha simu
ndani ya pipa la unga.
"Jibu la usiku," anasema, "kukikucha halina baba."

Lakini meneja anagonga mlango:
tukanushe, tushitaki, upigwe picha
ukicheka na bibi harusi, ukicheka na mbuzi,
ukicheka tu, Vardges, jina lako ni yai!

Naye yuko jikoni, analowesha tete la zumari
kwenye bilauri ya maji.
Tete kavu halisemi. Likilowa mno hulialia.
Anangoja.
Nje theluji inaanguka bila hodi.

Kisha anakiri, kwa sauti ya kunong'onea sufuria:
wimbo wa tatu, kweli, niliuburuta.
Nilimkumbuka mama. Mwandishi ana masikio.
Ila huo uvivu ameutoa kwake,
nami namrudishia, autunze mwenyewe.

Jumamosi kuna harusi nyingine, mtaa wa reli.
Amepiga pasi shati, kola imegoma.
Mwandishi kaalikwa pia, meza ya nyuma,
anatafuna jibini, kalamu mfukoni.

Vardges anamwinamia kidogo, kama jirani,
anajaza mashavu,
na wimbo wa tatu, safari hii,
unatembea.