Mlinzi wa Mashini

Nyumba yetu ya Ndosho ina ukuta wa mawe meusi,
mawe ambayo mlima ulituletea bila kutudai.
Juu ya ukuta, vipande vya chupa.
Mlangoni, kufuli mbili na komeo.
Basi nilidhani habari za wezi nazijua.

Huyu aliingia kwa flashi,
flashi ya Katungu yenye kifuniko cha bluu,
aliyokwenda kuchapishia kazi ya shule
kwenye kibanda kimoja cha Birere.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema;
hawakujua kingekaa mfukoni, karibu na biskuti.

Asubuhi nafungua hesabu za likelemba:
kila folda imeota mshale mdogo pembeni,
nikibonyeza, mshale unanirudisha pale pale.
Nyamwavita alilipa? Mama Nzigire zamu yake ni lini?
Mashini inanikodolea macho
kama shahidi aliyehongwa.

Nikashuka mjini kutafuta mlinzi.

Kijana wa kwanza ana meza chini ya mwavuli.
Sidii moja, dola mbili.
"Mama, hii ni ile ya bei kali, ufunguo tumeuvunja.
Itakulinda mpaka kufa."
Kufa kwa nani, hakusema.
Naigeuza sidii, naona uso wangu umepinda ndani yake.
Mtu anayeuza kufuli za wizi,
ufunguo wa akiba amemwachia nani?

Wa pili ana duka la vioo, na feni.
Ananiita Madamu. Dola thelathini kwa mwaka,
mashini tatu.
Mimi ninayo moja. Hizo mbili nizitoe wapi?
Juu ya boksi pana ngao, na mzungu anacheka.
Nauliza: na umeme ukikatika, ngao inakula nini?
Ananiangalia kama nimeuliza bei ya mvua.

Wa tatu hata sikumtafuta.
Alijitokeza mwenyewe kwenye skrini, wa bure, mwekundu:
HATARI MIA NNE NA KUMI NA SABA! BONYEZA HAPA!
Huyo nilimtambua mara moja.
Usiku ule mlima ulipotapika na sisi tukakimbilia Sake,
waliopiga kelele "tokeni, tokeni" kwa sauti kubwa zaidi
ndio waliobaki nyuma na magodoro yetu.

Ni Sikuli wa Katindo, fundi wa redio,
aliyepuliza vumbi, akachungulia, akasonya.
"Mlinzi unaye, mama. Alikuja na mashini.
Yuko na njaa tu. Hujamlisha tangu Pasaka."
Chakula chake ni mega.
Mega! Zinazokwisha kabla dada yangu wa Butembo
hajamaliza kunisalimia watoto!

Nikanunua za usiku, za bei ya chini,
nikakaa na kitenge mabegani, Katungu amesinzia mezani.
Asilimia kumi na mbili. Chukudu ya mwisho inapita, magurudumu yanalia.
Asilimia arobaini. Mbwa wa jirani.
Themanini na moja, giza.
Nilisema neno ambalo mwanangu hakupaswa kulisikia.
Umeme ukarudi saa tisa. Tukaendelea.

Alipoamka, yule mlinzi wa nyumbani,
hakupiga kelele. Alifagia.
Mafolda hayakuwa yamekufa, yalikuwa yamefichwa,
yakatoka moja moja, kama watu
wanaotoka chini ya vitanda risasi zikinyamaza.

Siku hizi flashi inakaguliwa kabla ya mwenyewe kunawa mikono.
Nakala ya hesabu iko kwa Masika, ng'ambo ya barabara,
ndani ya kopo la sukari.

Na hesabu zenyewe? Zilifunguka, safi, zote.
Nyamwavita alilipa. Mama Nzigire alilipa, na mapema.
Mstari wa mwezi wa nane, ulio mtupu,
una jina langu.

Kwa dakika moja,
Mungu anisamehe,
nilimtamani yule mwizi arudi.