Uzi Namba Arobaini

Shemeji yangu Mchiwa ana ekari mbili za zabibu Hombolo
na tumbili wanaozijua kuliko yeye.
Kibali cha polisi kimetoka baada ya miezi tisa,
kimekunjwa mara nne mfukoni mwa shati,
na leo kaja kunitoa kibandani,
mimi fundi cherehani, nisiyeshika hata manati
tangu nilipovunja kioo cha zahanati.
"We unajua chuma," kasema. "Twende."

Nyuma ya soko la Majengo, Bi. Salama Isere
alitandika blanketi la kijivu juu ya kaunta,
akazifungua kwanza tuone ni tupu,
kisha akazilaza: bunduki mbili ndogo za wenzo,
mitutu myembamba kama fimbo za kuchungia.
Risasi zake ukizishika
utadhani karanga zilizovishwa shaba.
Moja mpya. Nyingine ya mtu aliyehamia Singida.

Mpya inang'aa. Mchiwa keshatabasamu.
Subiri, nikasema,
mng'ao huulizwa mwisho.

Nikatoa uzi mfukoni, namba arobaini, mweusi,
nikaupitisha pale mti unapokutana na chuma.
Kwenye mpya uliingia wote
kama mbuzi aliyeona pengo kwenye ua wa miiba.
Kwenye kuukuu uligoma.

Nikashusha wenzo. Polepole, maana haraka huficha.
Wa mpya ulikwaruza katikati ya safari,
ukasita, ukayumba huku na huku
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Wa zamani ulishuka, tak, ukarudi, tak,
hakuna mchanga ndani ya sauti yake.
Nikaurudia mara kumi na moja, nimefumba macho.
Bi. Salama akanipa risasi bandia;
nikazilisha, zikaruka blanketini moja moja,
hakuna iliyong'ang'ania mlangoni.

Nikatazama vichwa vya parafujo.
Kwenye kuukuu kimoja kimeliwa mdomo:
mtu aliwahi kukifungua kwa kisu.
Nikasema hivyo hivyo.
"Ndiyo maana nimeshusha bei," akajibu Bi. Salama,
bila kuinua macho.
Kwenye mpya vichwa safi, lakini kilengeo ni plastiki,
na chini ya rangi nzito kucha yangu
ilihesabu mabonde ya tupa, moja, mbili, tano,
mtu alichoka kusugua akaita mpaka rangi.

"Umejifunzia wapi yote haya?" Mchiwa akauliza.

Ningemjibu nini?
Kwamba mkono unaojua rangi inaficha nini
ni mkono uliowahi kuipaka?
Mwaka ule uwele uliponyauka,
Mama Ndudule wa Mvumi alikuja na pesa za mbuzi watatu.
Nikamuuzia cherehani nyeusi,
maua ya dhahabu nimeyachora mwenyewe usiku,
na shafti nilijua imelika.
Alizungusha gurudumu, akacheka: "Inateleza!"
Ilikuwa grisi.
Haikufika Krismasi.
Na hakurudi kunidai. Niliambiwa anasema
ni mkono wake ndio haujui kushona.

Mchiwa akalipia ya zamani.
Bi. Salama akaandika namba ya chuma daftarini,
tarakimu kwa tarakimu, akisoma kwa sauti.
"Itapiga?"
"Itapiga unakoilenga.
Ukilenga vibaya, usimlaumu fundi."

Nje, upepo unarusha vumbi na mifuko mitupu.
Mchiwa anataka tunywe soda; namwambia tangulia.
Mtaa wa pili kuna duka la vipuri.
Nauliza shafti ya cherehani ya miguu, toleo la zamani.
Kijana anainama, anapekua, anaibuka nayo.
Naitoa kwenye karatasi yake ya mafuta,
naigeuza kwenye mwanga, napitisha kucha,
natafuta kosa,
na natamani kuliona
ili nipate sababu ya kwenda zangu nyumbani.

Sioni.
Basi la Mvumi linaondoka saa tisa.