Fidla ya Pili

Mwalimu Anakleto Rebelo alishuka gatini Tanga
na sanduku la bati, fidla moja,
na makaratasi ya okestra ya Bombei iliyovunjika.
Siku ya kuvunjika kila mtu alibeba kilichokuwa mbele yake.
Yeye kiti chake kilikuwa safu ya nyuma,
kwa hiyo makaratasi yote, hadi la mwisho,
yalikuwa ya fidla ya pili.

Mchana aliandika mizigo ya reli.
Jumamosi usiku aliwapigia wenye mashamba ya mkonge,
wakacheza wakitazama viatu vyao.
Bendera ikashuka, nyingine ikapanda, klabu ikafungwa.
Akahamia Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
akakaa nyuma ya mpiga udi kwenye harusi za watu,
akitafuta sauti zilizojificha katikati ya sauti.
"Vidole vyangu vimekula chumvi,
na bado mnavipeleka chuoni!"

Goa ilipobadili mwenyewe, pasi yake ikawa ya nchi isiyomjua.
"Wewe wa wapi?" karani akauliza.
"Wa safu ya pili."
Karani akafikiri kidogo, akaandika: Tanga.

Mama yangu alimfulia mashati.
Shati tano, somo moja.
Mwaka wa foleni za sukari ulimbo wa upinde uliisha;
akanituma Mgandini nikanunue sandarusi,
tukaitwanga kwenye kinu cha pilipili.
Fidla ilipiga chafya kwanza,
ndipo ikaimba.

King'ora cha kiwanda cha kamba kikilia, aliinua kidole:
"Kiko chini ya La. Kwa unywele tu.
Kisamehe, lakini usikifuate."

Na kila tulipofika mahali peupe pa karatasi:
"Hapa hesabu kumi na mbili. Usipige.
Wenzio wanapita."
Wenzangu wepi?
Chumbani tulikuwa wawili,
na mtungi, na cherehani ya marehemu mkewe.

Alikuwa na miaka sita kaburini
usiku ule wa zamu yangu, Bombo, wadi ya wazazi.
Redio ya mlinzi ikakamata stesheni ya mbali.
Niliujua muziki ule kutokea chini,
kama unavyoijua kanga kwa pindo
kabla hujasoma jina lake.
Vidole vikaanza kutembea juu ya faili la mgonjwa.
Kisha pakafika mahali peupe.
Moja, mbili, tatu,
na juu ya kimya changu ukapita wimbo
ambao sikuwahi kuambiwa kuwa upo.

Kumbe ni hao.

Mtoto akalia chumba cha pili, nikaenda;
mwisho wake sikuusikia.

Sanduku la bati liko kwangu sasa.
Nina wanafunzi wawili, mmoja mvivu.
Jana huyo mvivu aliteremsha upinde, akaniuliza:
"Wenzetu wepi, mwalimu?"

Nikamwambia, hesabu.