Umeme Ulipokatika Oli

Kiingilio shilingi mia tano, benchi halina mgongo,
na Onzima yuko mbele, kipaza sauti kimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
anageuza Kijapani asichokijua
kuwa Kiswahili chetu cha Arua, kisichomwomba mtu radhi.

"Huyu binti," anasema, "tumwite Ayikoru.
Macho makubwa kama sahani za harusi, msishangae,
huko ndivyo wanavyochorwa."
Ayikoru ana waya kisogoni.
Mji mzima una waya kisogoni.
Waya huwaambia: njaa imefika, kuleni.
Huwaambia: yule ni shangazi yako, mwamkie.
Na mzee mmoja, ghorofa ya tisini,
anauuliza waya kama ameshalia vya kutosha.

Tulicheka sana hapo.
Candiru wa kabalagala alicheka hadi beseni likapinduka.

Kisha Ayikoru akaushika waya kwa mikono miwili.
Ngoma zikapanda.
Akavuta

giza.

Si giza la katuni. Letu.
Feni ikazunguka mara tatu kwa mkopo, ikasimama.
"Jenereta!"
Jenereta, akasema Onzima, mafuta yake
yalinywewa na bodaboda ya kaka yangu tangu Jumanne.

Simu zikachomolewa mifukoni, nyuso zikawa za buluu.
Nikapapasa yangu, nikakumbuka:
iko dukani kwa Ezaruku, inachajiwa,
imening'inia na wenzake arobaini kama popo darini.
Jirani akanionea huruma.
"Shika hii, mpigie mama, mwambie utachelewa."

Sifuri, saba, saba,
kidole kikabaki hewani.
Mama aliyenizaa usiku wa mvua ya mawe,
ambaye kikohozi chake nakitambua nikiwa bado barabarani,
ambaye najua kijiko gani hakipendi,
namba yake siijui.
Najua mwisho tu, arobaini na sita,
kama mtu aliyekumbuka kisigino, uso akausahau.
Nikagusa kisogo changu.
Jasho tu.

Onzima hakunyamaza. Bila picha, bila kipaza:
"Ayikoru ameanguka. Hajui jina lake.
Njaa inamuuma, anadhani mnyama kamwingia tumboni.
Anatembea, anatembea,
anamkuta mwanamke anaepua muhogo.
'Mimi ni nani?'
'Sijui,' mwanamke anasema,
'lakini shika sufuria upande huo, inaniunguza.'"

Hakuna aliyecheka.
Mtu fulani gizani alipenga kamasi.

Umeme ukarudi saa nne kasoro.
Kioo kikawaka, na Ayikoru yuleyule
ana mabawa ya chuma, anafyatua miali,
mji unalipuka kwa rangi za kupendeza.
Tukazomea. "Rudisha muhogo!"
Onzima akatazama kioo, akatutazama sisi,
kwa mara ya kwanza akakosa la kutafsiri.

Sikungoja mwisho.
Kwa Ezaruku palikuwa na kufuli.
Mama alikuwa mlangoni na kibatari:
"Nimepiga, nimepiga. Hupatikani."
Nikamwambia, mama, nitajie namba yako,
polepole, niiweke kichwani.
Akaniangalia kama ninayeumwa.
"Yangu? Mimi nitaijuaje, mwanangu?
Kwani mimi hujipigia?"