Dakika Sita za Ukungu

Alianzia hospitalini, Desmond Threlkeld:
waya mmoja kutoka uwanjani hadi wodi ya wanaume,
akiwatangazia waliofungwa plasta na waliochomwa sindano
kabumbu la daraja la chini, Workington, mvua ya ubavu.
Muuguzi mkuu alilalamika: bao likiingia
mapigo ya moyo ya wodi nzima yanapanda.

Mimi nilibeba nyaya. Nilikuwa na miaka kumi na sita
na betri begani, zito kama kondoo aliyelowa.
Redio ya mkoa ilipomchukua, akanichukua na mimi.
Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, juu ya choo cha mashabiki,
na kioo chake kilitoka jasho kabla ya mapumziko.
Des hukifuta kwa kiwiko, mdomo haukomi:
anamlamba chenga wa kwanza, wa pili, anaachia shuti,
mtambaa panya! Mtambaa panya unamkatalia!

Msikilizaji amekukabidhi macho yake, aliniambia,
usiyarudishe na vumbi.

Halafu Februari moja ukungu ulipanda toka baharini,
ukameza goli la kaskazini, ukameza duara la kati,
ukabakisha kibendera cha kona na mgongo wa mshika kibendera.
Mwamuzi hakupuliza.
Studio hawakuwa na muziki wa kuzibia.
Dakika sita Des alitangaza asichokiona:
akampa winga mbio, akampa kipa mbizi,
akatunga kona, akaipiga, akaiokoa kwa kichwa.
Ukungu ulipoinuka, bado bila kwa bila.
Nani angejua?

Jumatatu simu ililia. Wilf Postlethwaite,
mzee wa kiwanda cha chuma, kipofu tangu tanuri limrukie.
"Ile kona, Des. Umeitoa wapi?
Watu wakipata kona huvuta pumzi.
Sikuwasikia wakivuta."

Des aliirudisha simu mahali pake polepole,
kama anayelaza mtoto aliyesumbua usiku kucha.

Runinga ikamwita Carlisle.
Wakamnunulia tai, wakampaka poda,
wakampa dakika mbili baada ya hali ya hewa.
Punguza maneno, walimwambia, watu wanaona.
Miaka kumi na moja akapunguza,
mikono yake mezani ikitafuta kioo cha kufuta.
Kwenye foleni ya mikate sasa walimjua kwa sura,
walimshika bega, walitaka picha;
hakuna aliyemuuliza upepo unavuma kuelekea goli lipi.
Barua pepe ndiyo iliyomstaafisha,
nayo ilikosea herufi mbili za jina lake.

Jumamosi iliyopita niliwaona jukwaa la mashariki,
chini ya lile bati linalovuja tangu enzi za betri langu:
Des na Wilf, blanketi moja magotini,
chai ya chupa, kifuniko kimoja wanapokezana.
Koo la Des limechakaa, umebaki mnong'ono,
nao anaupeleka kwenye sikio moja tu.
Sikusogea karibu. Nilimwona akifuta hewa kwa kiwiko.

Ghafla uwanja mzima ukavuta pumzi.

"Kona," akasema Wilf,
kabla Des hajafungua mdomo.

"Ya kulia," akaongeza Des.