Limefungwa na Khainza

Saa mbili na robo asubuhi, Mbale, ofisi ya ushirika,
nyuma ya ghala linalonuka maganda ya kahawa yaliyolowa,
nafungua jedwali la malipo
nalo lanijibu kwa adabu ya karani wa zamani:
Faili limefungwa. Linahaririwa na Khainza.
Waweza kusoma tu.

Kusoma tu!
Nje wakulima arobaini na mmoja wameketi juu ya magunia matupu,
wameshuka Bududa usiku, matope yamewaganda magotini,
nami niwatokee niwaambie: pesa zenu naziona,
naziona vizuri kabisa,
kuandika ndiko siwezi?

Khainza aliacha kazi mwezi wa nne.
Anauza karanga na malewa makavu huko Budadiri.
Nampigia. Khainza, funga faili.
Faili gani?
La malipo. Umelikalia.
Nimekalia kigoda, Wamimbi. Nachambua karanga.
Nampigia tena. Mara ya tatu hapokei.

Mwenyekiti Wosukira anapiga meza:
Nilijua! Mtu haachi kazi mikono mitupu,
huyu kaondoka na ufunguo.
Anaagiza barua ya onyo, naiandika mimi,
aya mbili, kwa lugha ya heshima,
maana barua hazijafungwa.

Nikazima, nikawasha.
Nikanakili jedwali, nakala nikaiita Malipo Mapya,
kisha nikakumbuka mafahali wawili na zizi moja,
nikaifuta kabla haijapata pembe.

Adhuhuri akapita Nabifo, binti wa mtunza ghala,
mwanafunzi wa ufundi, kiatu kimoja hakina kamba.
Mmetazama vilivyofichwa?
Kimefichwa nini?
Akabofya mara mbili, folda ikavuliwa shuka:
ubavuni mwa jedwali letu kimelala kijifaili
kilichofifia kama wino ulionyeshewa,
jina lake linaanza kwa kiwimbi na alama ya dola.
Hakina kilo ndani, hakina shilingi,
kina jina moja tu.

Hiki huzaliwa faili likifunguliwa, akasema,
na hufa likifungwa.
Umeme ukikatika ghafla hubaki hapo
kikilinda mlango wa nyumba isiyo na mtu.
Hebu angalia tarehe.
Jumanne, saa kumi na dakika arobaini jioni.

Jumanne.
Jumanne mvua ilipiga bati hadi tukasemeshana kwa mikono,
taa zikazimika,
na aliyekuwa mbele ya jedwali hili,
chai kushoto, kidole kwenye safu ya kilo,
kwenye kompyuta kuukuu aliyoiacha Khainza,
yenye betri mfu na jina lake
ambalo hakuna aliyejisumbua kulibadili,
alikuwa mimi.

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako
hawakusema kwamba nguo yenyewe
huenda ikawa ya kuazima.

Ulizeni kwanza kama yupo mwingine aliyelifungua, Nabifo akaonya.
Nikazunguka vyumba vitatu nikiuliza, macho chini.
Hakuna.
Nikakifuta.
Jedwali likafunguka kama ambalo halijawahi kununa,
na nje, jina la kwanza lilipoitwa,
magunia yakasimama pamoja na wenyewe.

Mstari wa mia mbili na kumi na mbili niliufikia jioni.
Khainza. Kilo themanini na sita, za Februari.
Seli ya malipo tupu.
Miezi yote hii tukisema ametufungia,
kumbe sisi ndio tuliomfungia.
Nikaandika kiasi. Nikahifadhi. Nikahifadhi tena.

Barua ya onyo, ikingoja muhuri, nimeikunja mfukoni.
Simu yake bado inaita tu.

Kabla ya kufunga ofisi nikaifungua mipangilio ya ile kompyuta.
Jina la mtumiaji? ikauliza.
Nikaandika langu, herufi kwa herufi,
ili siku nyingine ikilaumu
imlaumu mwenyewe.